Jumamosi za Kipaza

Siku ile mahakamani Kipaza alilia. Alilia vizuri, kwa mpangilio, kama mtu anayejua kwamba hata walioketi nyuma wanataka kuona. Alichomoa kitambaa cheupe kutoka mfuko wa koti, akakikunjua, akafuta jicho la kulia, akatulia kidogo ili watu wameze mate, ndipo akafuta la kushoto.

"Mheshimiwa," akasema kwa ile sauti nzito iliyokuwa ikimlisha, "mtu anaweza kuninyima chakula nikanyamaza. Anaweza kuninyima usingizi nikavumilia. Lakini kuninyima damu yangu! Nipe Jumamosi tu, mheshimiwa. Jumamosi yangu na mwanangu, basi, nife nikiwa nimeshukuru."

Hakimu, mama wa makamo aliyesikiliza huku ameegemeza shavu kwenye kiganja, akampa Jumamosi.

Kwenye benchi la nyuma alikuwepo dada yake mkubwa. Ndiye aliyekipiga pasi kile kitambaa jana yake. Mtaani walimwita Mama Pasi. Hakujaliwa kuzaa, lakini alikuwa dobi wa miaka mingi, basi watu wakampa umama wa kile alichokishika kutwa. Aliinamisha kichwa akamshukuru Mungu kwamba mdogo wake amepata akili ya kumpenda mtoto. Walikuwa wameshafika nyumbani, viatu ameshavivua, ndipo likamjia jambo ambalo hata kuku wa mtaani angelijua. Mdogo wake alikuwa mshereheshaji, mtu wa kushika kipaza sauti kwenye harusi. Ndiyo maana jina alilopewa na wazazi lilishasahaulika, akabaki Kipaza. Na harusi za mji ule zote zilikuwa Jumamosi.

"Wewe," alimuuliza, "umeombaje Jumamosi, na Jumamosi ndiyo kazi yako?"

"Sasa dada, ningesema Jumanne ingesikikaje? 'Nipe Jumanne na mwanangu.' Haina uzito. Hata hakimu angesinzia."

Mama Pasi alimtazama mdogo wake kuanzia viatu vilivyong'aa hadi nywele zilizong'aa, akatafuta katikati pale kitu kingine kinachong'aa, asikione.

Kwa kuwa Kipaza na mke aliyeachana naye walikuwa hawawezi kusimama pamoja bila kutukaniana ukoo, hakimu aliamua mtoto apelekwe nyumbani kwa shangazi yake kila Jumamosi asubuhi. Baba amchukue hapo, na amrudishe hapo kabla jua halijazama. Shangazi alikubali kwa mikono miwili. Mtoto mwenyewe alikuwa msichana wa darasa la tatu, mwembamba, mwenye meno mawili ya mbele makubwa kama ameazima. Shangazi alimwita Chiriku kwa sababu tangu ajue kusema hakuwahi kunyamaza.

Sasa sikieni jinsi Kipaza alivyozitumia Jumamosi zake.

Alikuja. Msimwonee, kila Jumamosi alikuja. Alifika asubuhi mapema, majani yakiwa bado na umande, akasimamisha gari mbele ya mlango wa Mama Pasi bila kulizima, akapiga honi mpaka vitoto vya jirani vikaamka.

"Dada! Suti!"

Maana suti zake zote zilipigwa pasi pale. Chumba cha mbele cha Mama Pasi ndicho kilikuwa duka: meza ndefu iliyotandikwa blanketi na shuka kuukuu, pasi ya mvuke iliyokohoa kama mzee, beseni la wanga, na waya uliokatiza chumba toka ukuta hadi ukuta, nguo za watu zikining'inia. Suti za Kipaza zilijulikana kwa mbali. Moja rangi ya anga, moja rangi ya damu ya mzee, moja nyeupe yenye vifungo vya dhahabu, ambayo fundi viatu wa jirani alisema ukiivaa unaweza kuongoza magari njia panda.

"Kola iko sawa?" angeuliza Kipaza. "Mara ile ilikaa kama sikio la mbuzi."

"Kola iko sawa. Mtoto yuko njiani. Msubiri."

"Dada, bwana harusi ananisubiri mimi."

"Bwana harusi ana mke. Mtoto ana nani?"

"Mwambie nimepata dharura. Jumamosi ijayo, Mungu akipenda."

Na gari hilo likaondoka. Kuliko yote, kilichomchoma Mama Pasi ni hilo neno la Mungu akipenda. Mungu alikuwa ameshapenda zamani. Aliyekuwa hapendi alijulikana.

Vumbi la gari lilikuwa halijatulia vizuri pale wifi yake alipotokea kona, amemshika Chiriku mkono. Wifi alikuwa muokaji. Alitoka zamu ya usiku kwenye kiwanda cha mikate, unga ukiwa bado kwenye nyusi, macho mekundu kwa joto la tanuri. Angeweza kwenda kulala kama watu. Lakini alipita nyumbani kwanza, akamwogesha mtoto, akamvalisha, akamleta.

"Wifi, mdogo wako amefika?"

"Bado, wifi."

"Bado. Hata siku ya kiyama tutaambiwa bado."

Aliwahi kwenda kulalamika kwa afisa wa ustawi wa jamii. Afisa yule alimsikiliza huku akitikisa kichwa kwa huruma, kisha akamweleza kwamba amri ni amri. "Wewe mlete, mama. Yeye asipokuja, ni juu yake. Wewe usipomleta, ni juu yako." Muokaji akatoka pale anacheka peke yake, kicheko ambacho watu wanapokisikia huvuka upande wa pili wa barabara. Tangu hapo alimleta mtoto kila Jumamosi kama mtu anayepeleka maji baharini.

Chiriku alikaa kwenye kibenchi chini ya nguo zilizotundikwa. Hakuegemea, gauni lisije likakunjamana kabla baba hajaliona. Gari likipunguza mwendo nje, alinyamaza. Likipita, alianza kusema tena, na kila wiki alianza tena kwa sauti ndogo zaidi.

"Shangazi, baba hajui njia?"

"Anajua, mwanangu. Gari limeharibika."

Lile gari liliharibika sana. Lingekuwa mtu, wangelizika na kulisahau. Lilipochoka kuharibika, Kipaza alisafiri. Alipochoka kusafiri, akaumwa koo. Mama Pasi, mwanamke ambaye hakuwahi kuwasha pasi kabla ya kuweka kiganja juu ya meza na kusali, aligeuka kiwanda cha uongo. Usiku aliomba, "Ee Mungu, mbadilishe mdogo wangu." Asubuhi akachomoa suti kwenye waya, akampa, akamwacha aende. Kisha akamtazama mtoto usoni na kumwambia koo.

Kwa nini hakumwambia wifi ukweli? Kwa aibu kwanza. Angeanzaje? Kwamba ndugu yake wa tumbo moja hufika mpaka kizingitini, akabeba koti na kuacha mtoto? Wifi alidhani Kipaza huwa mbali, mji wa pili, kitandani kwa mwanamke mwingine huko. Hakujua kwamba walipishana naye kwa urefu wa mtaa mmoja.

Na kulikuwa na la pili, ambalo Mama Pasi hakumtajia hata Mungu kwa sauti. Alizipenda zile Jumamosi. Baba asipokuja, Chiriku alikuwa wake kutwa nzima. Alimfundisha kunyunyizia maji kwa vidole, kulinganisha mguu wa suruali mshono kwa mshono, kupuliza pasi kabla ya kuigusisha kitambaa. Wateja waliwakuta wakicheka. Jumamosi alizozitupa Kipaza, dada yake aliziokota na kuzila, na masalia ya meza ya mwingine yalimshibisha kuliko alivyotaka kukiri.

Hivyo ndivyo walivyoendelea mpaka siku Chiriku alipofika akakaa kibenchini na kuegemea. Gauni lilikunjamana lote, wala hakujali. Gari likapunguza mwendo nje. Hakuinua hata shingo.

"Vipi, Chiriku wangu?"

"Nimechoka kukaa vizuri, shangazi."

Mama Pasi aligeuka ukutani akajifanya anatafuta hanga.

Wiki ile alisali sana, na katikati ya sala likamjia wazo. Aliamini limetoka juu. Baadaye hakuwa na hakika tena.

Jumamosi iliyofuata honi ikalia. "Dada! Suti!"

Mama Pasi akatoka nje mikono mitupu, kanga amejifunga kiunoni, ishara ambayo Kipaza aliijua tangu utotoni na hakuipenda.

"Suti ipo. Imepigwa, imenyooka, imelala ndani. Itatoka na mtoto."

"Unasema nini?"

"Vinatoka pamoja. Ukitaka kimoja, unabeba vyote."

"Dada, usinifanyie mchezo, nina harusi ya mkubwa leo!"

"Na mimi nina mtoto wa mkubwa leo. Si ndivyo ulivyomwambia hakimu? Damu yako? Haya, kaa hapo kwenye kibenchi, damu yako inakuja."

Fundi viatu aliacha kugonga nyundo ili asikie vizuri. Kipaza alipiga simu, akatembea huku na huku, akatishia kwenda na suti ya Jumamosi iliyopita. Dada yake akamkumbusha kwamba suti hiyo bado ina mchuzi wa meza kuu kifuani. Hapo muokaji na mtoto wakatokea kona.

Chiriku aliona gari kwanza. Halafu akamwona mwenye gari. Mlio alioutoa haukuwa neno. Alikimbia kiatu kimoja kikamtoka, na Kipaza, alipoona muokaji anamtazama, na fundi viatu anamtazama, na wanawake wa bombani wameweka ndoo chini wanamtazama, akafungua mikono yake yote miwili na sura yake ikabadilika pale pale, kama mtu aliyebonyeza swichi.

"Lulu yangu! Njoo kwa baba!"

Akamnyanyua juu. Muokaji alisimama kona pale hajui acheke au alie, akaokota kile kiatu. Wakaondoka watatu: Kipaza, mtoto, na suti.

Mama Pasi aliimba asubuhi nzima. Alimwambia Mungu asante mara nyingi, na mara moja moja akajisifu mwenyewe pia.

Jua lilikuwa limeanza kuinama simu ilipolia. Sauti ya mwanamke, nyuma yake sufuria zikigongana.

"Ndiyo Mama Pasi huyo? Mimi ni mpishi huku ukumbini. Tuna mtoto hapa jikoni, anasema ni wa mshereheshaji. Namba yako amekuwa nayo kichwani."

"Baba yake yuko wapi?"

"Mshereheshaji? Ameshaondoka, mama. Ana shughuli nyingine ng'ambo ya mji. Tulidhani mtoto ana mtu wake. Ameosha vikombe mpaka tumemkataza."

Mama Pasi aliiacha pasi, akakumbuka, akarudi kuichomoa, akaenda. Alimkuta Chiriku juu ya kreti la soda, amefungwa aproni kubwa ya mpishi, mikono imenyauka kwa maji. Alikuwa na furaha, na hilo ndilo lililomuumiza shangazi yake kuliko kama angemkuta analia.

"Shangazi, baba amenipandisha jukwaani! Mbele ya maharusi! Amesema mimi ni lulu yake, amesema kila Jumamosi anaacha kila kitu kwa ajili yangu. Watu wamepiga makofi. Mama mmoja alilia!"

"Halafu?"

"Halafu akaniambia nikae jikoni kidogo." Walitembea hatua kadhaa. "Amesema niko darasa la kwanza."

"Wewe uko la tatu."

"Najua. Sikutaka kumkatiza, alikuwa kwenye kipaza sauti."

Kesho yake fundi viatu alimwonyesha Mama Pasi video kwenye simu. Mtu aliyerekodi alikuwa amekaa karibu. Kipaza ndani ya suti nyeupe, kapiga goti moja mbele ya binti yake, kitambaa kikifanya kazi yake kwenye jicho la kulia, kisha la kushoto. "Wababa wenzangu," anasema, "mnafanya nini na Jumamosi zenu?"  Halafu vigelegele. Video ilizunguka mji kama homa. Wakampa jina la Baba wa Mfano. Redio ikamwita. Akahojiwa kuhusu malezi, mtu ambaye angeonyeshwa mswaki wa mwanawe katikati ya miswaki mingine asingeujua.

Mwiba wenyewe ulifuata. Baba wa Mfano alihitaji mtoto. Watu walikuwa wakimwita kwenye harusi na kuuliza, "Na binti utakuja naye?" Basi, kwa kuwa hakutaka tena kumngoja mtoto mlangoni, akarudi mahakamani kuomba likizo zote za shule, toka siku ya kufunga hadi siku ya kufungua. Na ili ombi liwe na miguu, akasema kwamba kila Jumamosi yeye alikwenda kumchukua mwanawe kwa shangazi kama alivyoamriwa, na kila Jumamosi, isipokuwa ile ya video, mama wa mtoto, kwa chuki, alikuwa hajamleta.

Jioni ya kabla ya kesi alikuja kwa dada yake. Safari hii alizima gari. Akaingia, akakaa kwenye kibenchi cha Chiriku, magoti yakamfika kidevuni.

"Dada, kesho watakuuliza. Wewe sema ukweli tu. Sema nilikuja kila Jumamosi. Si nilikuja?"

"Ulikuja."

"Na mtoto alikuwepo?"

"Alikuwa hajafika."

"Basi! Sijakuomba useme uongo. Watu wa mtaa wote wameniona, fundi viatu yule kaniona. Sema hayo mawili, kaa chini."

"Na yule wifi yangu aliyekesha kwenye tanuri, akamvalisha mtoto, akamleta? Hakimu akimfokea kwamba anavunja amri?"

"Atazoea. Wanawake wanazoea."

"Mtoto ukimchukua likizo nzima atakaa na nani, wewe ukiwa jukwaani?"

Kipaza akafungua mikono kama anayekaribisha wageni waalikwa. "Si wewe upo? Atakaa hapa na wewe likizo nzima. Dada, unadhani sijui unavyompenda? Nakuletea mtoto ndani ya nyumba. Wewe unapata mtoto, mimi napata heshima yangu. Nani anaumia?"

Alipoondoka Mama Pasi hakuinuka. Ule uovu ulikuwa umekuja umevaa vizuri, kola imenyooka. Angempata Chiriku. Asubuhi angeamka akamkuta, jioni angemlaza. Na ili ampate, hakutakiwa hata kusema uongo; alitakiwa aseme ukweli nusu na kukaa chini. Akisema wote, angempoteza ndugu yake wa pekee, na Jumamosi zingefutwa, na Chiriku hangekuwa na sababu ya kuja tena mlangoni pale. Wifi naye angejua kila kitu.

Aliweka kiganja juu ya meza. Muda mrefu alikuwa amemwomba Mungu ambadilishe mdogo wake, na safari hii ombi hilo lilikataa kutoka. Alijiona anavyochomoa suti kwenye waya, Jumamosi baada ya Jumamosi, anavyoipangusa mabegani kabla ya kuikabidhi. Mungu alikuwa hajamkatalia kitu. Alikuwa anamtazama tu, akimngoja amalize kupangusa. "Basi, Baba," alisema mwishoni, "anza na mimi."

Mahakamani Kipaza alikuja na suti rangi ya anga. Aliyeipiga pasi safari hii hajulikani, ila kola ilikaa kama sikio la mbuzi. Alionyesha video. Karani alifuta machozi. Hakimu, mama yule yule, shavu kwenye kiganja kile kile, aliitazama mpaka mwisho. Kisha akamgeukia muokaji na sauti yake haikuwa laini.

"Mama, hapa inasemwa hukumpeleka mtoto. Una shahidi?"

"Shahidi wangu ni wifi yangu," muokaji akasema, "lakini ni dada yake huyu. Sijui."

Lile "sijui" lilimwingia Mama Pasi kama sindano. Akaitwa, akasimama, akala kiapo. Hakukifanyia haraka, kila neno alilitamka kama analionja.

"Baba wa mtoto alifika kwako Jumamosi?" hakimu akauliza.

"Alifika, mheshimiwa. Kila Jumamosi. Hakukosa."

Kipaza akatabasamu, akageuka kidogo ili upande wa nyuma nao uone. Muokaji alifumba macho.

"Na mtoto alikuwepo?"

"Hapana. Alikuwa hajafika."

"Asante. Kaa—"

"Sijamaliza, mheshimiwa. Niruhusu." Akashika ukingo wa kizimba. "Alikuwa hajafika kwa sababu huyu alikuja kabla. Hakuja kumchukua mtoto. Alikuja kuchukua suti. Mimi ni dobi wake. Nilimwambia kila mara, subiri, mtoto yuko njiani, naye akasema bwana harusi ananisubiri. Mama yake alimleta kila Jumamosi, akiwa hajalala, unga kwenye nyusi. Siku moja tu ndiyo aliyomchukua, ile mliyoiona kwenye video, na siku hiyo nilikuwa nimeficha suti. Alipomaliza kulia jukwaani alimwacha jikoni kwa wapishi, akaenda kulia kwingine. Mimi ndiye niliyemfuata."

"Dada!" Kipaza akapayuka, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitoka bila kupambwa, nyembamba, ya kitoto.

"Mzee," hakimu akamuuliza, "mwanao yuko darasa la ngapi?"

Kipaza akafungua kinywa. Kinywa kilichofungua harusi zote za mji. Akatazama dari, akamtazama dada yake kwa mazoea, kama alivyomtazama utotoni akiulizwa hesabu. Dada yake akatazama mbele.

"La... kwanza. La pili. Wanabadilisha mitaala hawa."

Hata karani aliyekuwa akilia alicheka, akaomba radhi.

Hakimu hakufoka. Alifuta ombi la likizo. Akasema mtoto si mapambo ya ukumbi, na kuanzia siku ile hatapelekwa mahali popote kumngoja mtu. Baba akitaka kumwona, aende mwenyewe alipo mtoto, aombe kwa adabu, na mtoto ataulizwa kama anataka.

Koridoni Kipaza alimpita dada yake kwa bega. "Umenivua nguo mbele za watu. Kuanzia leo sina dada."

"Ulikuwa na dobi tu, mdogo wangu," akajibu. "Dada hukumtumia." Alitaka kuongeza lingine, alikuwa nalo tayari, kali na tamu, lakini akalimeza. Liliteremka kwa shida.

Muokaji alimngoja nje kwenye ngazi. Hakumkumbatia.

"Ulijua," akasema. "Muda wote huo. Nikikuuliza, 'Amefika?', unaniambia, 'Bado.'"

"Nilijua, wifi."

"Nilikuwa nalala nikilaani barabara, nalaani gari lake. Kumbe tungetoka dakika chache mapema, tungemkuta mlangoni kwako na koti mkononi."

"Nisamehe."

"Leo umesema. Nitakusamehe, lakini siyo leo. Leo nimechoka."

Chiriku alikuwa amekaa ngazi ya chini na sare yake ya shule, afisa wa ustawi pembeni yake. Alikuwa amesikia, maana milango ya mahakama ile haikufungika vizuri. Mama Pasi alishuka, akakaa karibu naye, sketi ikagusa vumbi.

"Shangazi, baba alikuwa anakuja kabla yangu?"

"Ndiyo."

"Koo halikumuuma?"

"Hapana. Nilikudanganya. Siyo mara moja."

Mtoto aliangalia viatu vyake. "Akija kuchukua suti, alikuwa ananiulizia?"

Mama Pasi alikuwa na majibu mengi. Alikuwa hodari wa kunyoosha; miaka mingi hakuna kilichofika mikononi mwake kikatoka kimekunjamana. Neno moja dogo lingetosha, na mtoto angelibeba nyumbani, akalala nalo.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Hakuwahi kukuulizia."

Chiriku alikaa kimya muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa kimya maishani mwake. Mama Pasi hakumgusa, aliogopa mkono wake utatafsiriwa kuwa faraja kabla mtoto hajaitaka. Mama yake alisimama juu yao, mkoba kifuani.

"Mama," Chiriku akasema mwishoni, "Jumamosi hii nataka kulala mpaka nichoke kulala."

"Lala, mwanangu."

"Na mtu asinivalishe gauni."

"Hakuna atakayekuvalisha."

Akainuka, akajipangusa nyuma, akampa mama yake mkono. Walipofika chini barabarani aligeuka, akamtazama shangazi yake kama mtu anayepima kitambaa ambacho hajaamua kukinunua. Hakupunga mkono. Kisha wakaendelea, muokaji akipiga miayo, mtoto akianza kusema kitu, sauti yake ikisikika kidogo kidogo mpaka kona.

Mama Pasi alibaki pale ngazini, akaomba. Hakuomba warudi. Aliomba wafike salama, na mtoto alale.